Milimita 25

Kabla hajashika spana, fundi hupiga magoti kando ya tairi la mbele, huvuta futikamba kutoka katikati ya rimu hadi ukingo wa madigadi, husogeza miwani na kusoma. Milimita 330. Anaandika kwenye daftari la shule lenye mistari, kisha anahamia upande wa pili. 328. Anarudi upande wa kwanza kupima tena, maana tofauti ya milimita mbili yaweza kuwa ya gari na yaweza kuwa ya sakafu, naye hataki kulirekebisha gari kwa kosa la sakafu. Analisukuma mbele nusu mita, anaikandamiza kila kona mara tatu ili springi zikae, anapima upya. Bado ni 330 na 328. Basi ni gari.

Hii ni wiki ya mwisho ya Oktoba mjini Jönköping, kusini mwa Sweden, mahali ziwa Vättern linapoishia. Gari ni langu, Volkswagen Golf GTI ya mwaka 2011, nililolinunua likiwa tayari limeshushwa. Fundi ni mzaliwa wa Tanga aliyejifunza kazi Gerezani, Dar es Salaam, na nywele zake zimeota mvi katika gereji hii ya milango miwili ambayo ndani yake husikii redio. Nilipoingia nilimwamkia, akaitikia, "Marahaba, mwanangu," bila kuinua kichwa, na tangu hapo nimekaa juu ya ndoo iliyofunikwa nikimtazama. Nimemtazama hivi kwa vuli tatu sasa. Sijachoka.

Watu hushusha magari kwa sababu mbili, na wengi hukiri moja tu. Gari lililo karibu na ardhi halilali sana kwenye kona, uzito wake unakaa chini, usukani unajibu upesi. Sababu ya pili ni macho: tairi lililojaa vizuri ndani ya madigadi linapendeza, na mimi sioni haya kusema hivyo. Wakati wa Pasaka hapa Jönköping, kumbi za Elmia hujaa magari ya namna hiyo, na watu wazima hulala chali sakafuni ili waone kazi iliyofanyika chini. Lakini kati ya Pasaka na Pasaka kuna miezi ya giza. Greda hupita alfajiri kusafisha barabara, na kila linapopita huacha tuta la theluji mbele ya kila geti. Lami hujaa chumvi. Theluji iliyogeuka uji hunasa ndani ya madigadi, usiku ikaganda kuwa jiwe, asubuhi ukikata usukani unasikia tairi linasaga.

Wengi huweka gari la namna hii chini ya turubai mpaka Aprili. Wenye gari moja tu hatuna nafasi hiyo. Kabla sijamjua fundi, niliingia majira ya baridi na gari likiwa chini vilevile, nikiamini kwamba uangalifu utanitosha. Mwezi wa Januari nilikanyaga tuta la theluji kwenye mlango wa maegesho ya nyumbani kwangu, gari likakaa kwa tumbo. Matairi ya mbele yalizunguka hewani kama mkono unaotafuta swichi gizani. Jirani aliniletea koleo. Tulichimba kwa dakika arobaini, na bampa ilipotoka kwenye barafu ilitoka bila mdomo wake wa chini.

Gari langu limefungwa koilova, yaani shokapu ambayo mwili wake una hesi kwa nje, na springi imekalia pete inayopanda na kushuka kwenye hesi hizo. Ukiizungusha pete juu, gari linapanda. Ukiizungusha chini, linashuka. Maelezo ni mepesi. Tatizo ni kwamba pete na hesi hukaa nyuma ya tairi, mahali ambapo kila tone la maji ya chumvi hurushwa, na pete mara nyingi ni aluminiamu ilhali mwili wa shokapu ni chuma. Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, huwa kama betri ndogo: umeme hafifu unapita, na ile iliyo dhaifu inaliwa. Baada ya majira mawili ya kutojaliwa, pete na shokapu huwa kitu kimoja. Nimeona kwenye kona ya gereji hii pipa la shokapu za namna hiyo, na fundi akipita karibu nalo hulitazama kama mtu anavyotazama mti wa matunda uliokatwa kuni.

Kwa hiyo haanzi kwa kuzungusha. Anainua gari mpaka springi inyooke na uzito utoke kwenye pete. Anaosha hesi kwa maji ya vuguvugu. Halafu anachukua brashi ndogo ya waya wa shaba, kwa kuwa waya wa chuma ungekwaruza, anaipitisha ndani ya kila hesi akifuata mzunguko wake, kuanzia juu kwenda chini, kwa mkono mmoja, huku mkono mwingine ukishika tochi. Hesi ni nyembamba. Shokapu moja inamchukua dakika ishirini. Punje moja ya mchanga, ananiambia, ikibaki humo na pete ikapita juu yake, italima hesi nzima kama jembe. Anapuliza upepo, anafuta kwa kitambaa, anapitisha ukucha wa kidole gumba polepole. Ukucha ukikwama, anarudia. Ndipo anapoilegeza pete ya kufungia, kisha ile iliyobeba springi, kwa spana yenye ndoano, robo mzunguko kwa robo mzunguko. Nilimwona siku moja akihisi uzito mkononi, akasimama, akarudisha pete nyuma, akapiga brashi tena, akaendelea. Kijana mwenye haraka angeongeza nguvu hapo. Pete ile ingekwama palepale mpaka mwisho wa dunia.

Gerezani, enzi za ujana wake, gari lilishushwa kwa msumeno. Unatoa springi, unakata mzunguko mmoja au mmoja na nusu, unarudisha, mteja anafurahi. Yeye hakuipenda kazi ile. "Springi ukishaikata, mwanangu, hairudi," aliniambia, na kwa muda mrefu nilidhani anazungumzia springi peke yake. Sasa naona kwamba hapo ndipo kazi yake yote ilipoanzia. Kila anachofunga, amekwisha fikiria kitakavyofunguliwa. Akimaliza kupandisha pete, hupaka hesi zote mafuta ya lanolini, yale yanayotoka kwenye sufu ya kondoo. Yananata kama asali iliyolala, na maji hayayachukui kwa urahisi. Kisha huivisha shokapu soksi ya mpira laini. Mafuta hayo hayalisaidii gari kukimbia hata kidogo. Anayapaka kwa ajili ya asubuhi ya Aprili ambapo yeye, au mtu mwingine asiyemjua, atakuja na spana kulirudisha gari chini.

Mbele, milimita moja ya pete ni karibu milimita moja ya gari, maana springi imekaa juu ya shokapu, karibu kabisa na tairi. Nyuma ni hesabu nyingine. Kwenye Golf la umbo hili springi ya nyuma imetenganishwa na shokapu, nayo hukalia mkono wa chini, ndani zaidi kuliko tairi. Mkono ule ni wenzo: ukiinua kidogo karibu na bawaba, ncha inapanda zaidi. Ili apate milimita 25 kwenye madigadi ya nyuma, fundi huinua pete kwa milimita kumi na tano au kumi na sita tu. Hakuna anayemlazimisha kujua hivyo. Angeweza kuzungusha, kupima, kukosea, kuzungusha tena. Lakini kila mzunguko usio wa lazima unakula hesi.

Hatua inayofuata ndiyo inayonifanya nimheshimu, kwa sababu gereji nyingi huiruka na mwenye gari hawezi kujua. Mikono ya chini imeshikwa na bushi. Bushi ni mpira ulioshikamana na bomba la chuma kwa ndani na jingine kwa nje. Haizunguki kama beringi. Hujisokota, halafu hurudi. Bolti yake ikikazwa, mkao wa siku ile ndio unaokuwa mkao wa kupumzika kwa mpira. Bushi za gari langu zilikazwa likiwa chini. Ukiliinua milimita 25 ukaziacha hivyo, mpira utakaa umejisokota mchana na usiku, hata gari likiwa limeegeshwa, na kwenye baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri mpira uliojisokota hupasuka mapema. Tena mpira huo unasukuma. Unaiingilia springi kazi yake, na vipimo vya daftari vinakuwa uongo.

Kwa hiyo fundi hulegeza bolti za bushi. Anashusha gari, analipandisha kwenye lifti ya kukanyagia ambayo matairi yanabaki yamebeba uzito, analitikisa, analipima, na ndipo anapoingia chini na kukaza kila bolti gari likiwa limesimama kama litakavyosimama barabarani. Nyingi kati ya bolti hizo ni za kukazwa kwa kipimo kisha kuongezwa sehemu ya mzunguko, zikishavutika hazitumiki tena, naye huweka mpya. Nilimuuliza kama kuna mteja aliyewahi kulalamikia gharama hiyo. Alifikiri kidogo, akasema wapo, na kwamba huwaonyesha bushi iliyopasuka, kisha huwaacha waamue. Kisha akaniomba nimsogezee taa.

Baada ya hapo anapima: 355, 355, nyuma 352 na 353. Anatabasamu kwa 353 ile, anairudia.

Alaimenti sitaieleza sana. Gari likipanda, fimbo ya usukani na mkono wa chini hupita katika tao tofauti, kwa hiyo matairi yaliyokuwa yametazama mbele sawasawa huanza kutazamana au kupeana kisogo, na tairi linalokwenda mshazari juu ya barafu ni hatari. Hupimwa na kunyooshwa, gereji yoyote nzuri inaweza. Taa nazo hushushwa, kwa kuwa pua imepanda, na jioni za Novemba hapa ni ndefu. Kumulika macho ya anayekuja ni dhambi ndogo inayoweza kuua.

Matairi ndiyo yanayonivutia zaidi, na hapa nitakaa. Wakati wa joto gari langu huvaa 225/40 R18. Ukuta wa tairi ni asilimia 40 ya milimita 225, yaani milimita 90. Zidisha mara mbili, jumlisha na rimu ya inchi 18, ambayo ni milimita 457.2, unapata kipenyo cha milimita 637.2. Kwa majira ya baridi fundi alinichagulia 205/50 R17. Piga hesabu ileile: ukuta milimita 102.5, mara mbili ni 205, jumlisha 431.8 za rimu, unapata 636.8. Tofauti kati ya matairi hayo mawili ni sehemu nne kati ya kumi za milimita moja. Spidomita haitajua kitu. Lakini angalia kilichobadilika: mpira umeongezeka milimita 12.5 kati ya rimu na shimo lililofichwa na theluji, na tairi limekonda kwa milimita 20. Tairi jembamba hukata theluji laini mpaka likafika chini badala ya kupanda juu yake, na ndani ya madigadi yaliyobana huacha nafasi ambamo barafu itakaa bila kusaga kitu.

Aliniandikia pia hesabu ya upande wa ndani, kwa chaki sakafuni, nikaipiga picha. Rimu za joto zina upana wa inchi 8 na, ukihesabu spesa (bamba linalokaa kati ya rimu na habu), ET 45. Hizi za baridi, ambazo ni za kiwandani, zina inchi 7 na ET 54. ET ni milimita kati ya katikati ya upana wa rimu na uso unaogusa habu. Namba ikikua, rimu inaingia ndani. Mtu akiona 54 ataogopa kwamba rimu itagusa shokapu. Lakini nusu ya inchi 8 ni milimita 101.6, ongeza 45, unapata 146.6 kuelekea ndani. Nusu ya inchi 7 ni 88.9, ongeza 54, unapata 142.9. Kumbe ile nyembamba iko mbali na shokapu kwa karibu milimita nne zaidi. Alifuta chaki kwa kiatu na kuendelea na kazi.

Kuhusu mpira wenyewe, sheria ya Sweden inadai matairi ya majira ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 31 Machi hali ya barabara ikiwa ya baridi, na kina cha mifereji kisipungue milimita 3. Fundi hangojei Desemba. Joto likishuka chini ya nyuzi 7 hivi, mpira wa tairi la kiangazi huanza kuwa mgumu, hata lami ikiwa kavu. Hutafuta kwanza alama ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, kisha namba nne za tarehe: mbili za wiki, mbili za mwaka. Halafu hukunja tairi kwa vidole na kutazama michanjo myembamba iliyochanjwa kwenye kila bonge la mpira, maelfu ya makali madogo yanayofunguka na kung'ata barafu. Yeye na mimi hatukubaliani juu ya matairi ya misumari. Yeye anayapenda kwa ajili ya milima ya Huskvarna, ambapo barabara ya E4 hupanda kutoka ziwani na malori hukwama kila msimu. Mimi nasema ninaendesha mjini zaidi, na misumari husaga lami kuwa vumbi ambalo watoto wanalivuta. Alinifungia yasiyo na misumari, akaniambia niongeze umbali kutoka kwa aliye mbele. Naongeza.

Sasa kuna makopo mawili. Yamekaa kwenye rafu juu ya benchi, yalikuwa ya kahawa, moja limeandikwa J na jingine B: joto na baridi. Ndani mna bolti za matairi yangu, ishirini kila kopo. Ukizimwaga mezani hutaona tofauti mara moja. Fundi aliniwekea moja moja kiganjani. Ile ya rimu za kiwandani ina shingo ya mviringo, kama nusu ya gololi. Ile ya rimu za kiangazi, zisizo za kiwandani, ina shingo iliyonyooka kama koni. Kila rimu imechongwa kwa shingo yake. Ukiweka koni kwenye kikalio cha mviringo, bolti itakaza, spana itakuambia imekaza, lakini chuma kitagusana kwa mstari mwembamba kama uzi, na baada ya siku kadhaa za mtikisiko bolti itaanza kulegea. Gereji moja niliyopita kabla ya yeye ilinifungia hivyo. Niliendesha hadi Göteborg nikisikia mdundo kwenye usukani, nikadhani ni balansi. Fundi alipozifungua aliziweka mezani kwa mstari, bolti tano za tairi la kushoto, tatu zilikuwa zimelegea kwa vidole. Hakusema neno juu ya gereji ile. Alikwenda kunawa mikono, akakaa huko muda mrefu kidogo.

Bolti za joto ni ndefu pia, kwa kuwa rimu zile zina spesa. Ukisahau ukazitumia bila spesa, ncha zake zaweza kutokeza upande wa pili wa habu na kugusa vitu vya breki visivyopaswa kuguswa. Ndiyo maana kopo la J hufungwa kwa mfuniko na kuondoka benchini kabla kopo la B halijafunguliwa. Makopo mawili hayawi wazi kwa wakati mmoja. Nimemwona akikatiza mazungumzo ya simu ili afunge kopo.

Uso wa habu husuguliwa mpaka uwe mtupu, kwa sababu kutu yenye unene wa karatasi inatosha kuiyumbisha rimu. Kwenye mdomo wa habu, ule unaoingia ndani ya tundu la katikati la rimu, hupaka mafuta mazito kwa ncha ya kidole, utando tu, ili rimu isije ikagandia pale. Hesi za bolti hazipakwi kitu. Bolti zinaingia kwa mkono, mizunguko sita au saba bila spana, na kama moja haitaki kwenda kwa vidole, haiendi. Kisha spana ya kipimo, nyutonimita 120, kwa mpangilio wa nyota. Mashine ya upepo ipo ukutani. Hutumika kufungulia tu.

Wiki hiyo alikuja kijana mwenye gari la mifuko ya upepo, ambalo hupanda na kushuka kwa kubonyeza swichi. Fundi alikinga kikombe, akafungua koki iliyo chini ya tangi la upepo na maji yakatoka, karibu nusu kikombe, ya kahawia. Hewa ikishinikizwa huacha unyevu wake nyuma, maji hukaa kwenye mirija, na usiku wa kwanza wa barafu valvu huganda na gari hubaki limelala kifudifudi. Alimpa kijana kikombe kile akishike. Nadhani kijana yule atakuwa akiyamwaga maji ya tangi kila Jumamosi.

Rimu zangu za kiangazi zilioshwa, zikakaushwa, zikaandikwa kwa chaki upande wa ndani: mbele kulia, mbele kushoto, nyuma kulia, nyuma kushoto. Zikalazwa juu ya ubao, moja juu ya nyingine, mbali na dirisha.

Alinitaka nirudi baada ya kilomita mia moja. Nilizimaliza kwa siku tatu, siku ya tatu theluji ya kwanza ikanyesha, nzito, yenye maji. Pale kwenye geti langu greda lilikuwa limeshapita. Nililipanda tuta polepole. Nilisikia theluji ikipapasa chini ya sakafu, upande hadi upande, gari likapita.

Gereji ilikuwa baridi. Fundi alivaa kofia ya sufu, akachukua spana ya kipimo kutoka kwenye sanduku lake, akaiweka 120 na kuanza na tairi la mbele kulia. Kila bolti aliivuta mpaka spana ilie, ka, bila bolti kusogea. Tano. Akahamia nyuma. Nilikuwa nahesabu naye kimya. Bolti ya kumi na tatu alisimama, akaivuta mara ya pili, akainamisha sikio, akaridhika. Ishirini. Alirudisha kipimo cha spana kwenye namba yake ya chini kabisa ili springi yake ya ndani ipumzike, akafungua daftari, na chini ya zile 355 na 353 akaandika tarehe.